Kaunsili Ikichelewa Kukuuzia Nyumba: Anza na Tarehe

Haya ni maneno kamili ya mazungumzo yaliyotolewa kwa wapangaji wa nyumba za kaunsili, yaani serikali ya mtaa, wanaozungumza Kiswahili, mashariki ya London. Yamewekwa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Assalaam alaykum, na nyote kwa jumla, habari za mchana. Mama zetu mliokaa mbele, shikamooni. Nyinyi mliosimama kule mlangoni, sogeeni, viti bado vipo.

Nianze na swali. Nani humu ndani amepeleka fomu ya kununua nyumba yake na mpaka leo anasubiri? Inueni mikono. Haya, mingi. Sasa swali la pili: katika nyinyi mlioinua, nani anaijua tarehe ambayo kaunsili iliipokea fomu yake? Siulizi tarehe uliyoijaza, wala tarehe uliyoitia posta. Nauliza tarehe waliyoipokea wao.

Mnaona? Mikono imeshuka. Na hapo ndipo penye ugonjwa wenyewe. Tumelelewa kwamba subira yavuta heri, na kwenye mambo mengi ni kweli. Kwenye jambo hili subira ya kimya haivuti kitu. Sheria imempa mpangaji saa ya kuihesabia kaunsili, lakini saa hiyo haijitii ufunguo yenyewe. Wewe ndiye unayeitia.

Kwanza tuwekane sawa kuhusu haki tunayoizungumza. Haki ya Kununua (Right to Buy), yaani haki ya mpangaji kuinunua kwa punguzo nyumba ya kaunsili anayokaa, ilianzishwa na sheria ya mwaka 1980, wakati wa serikali ya Margaret Thatcher, na leo imo katika Sheria ya Nyumba ya mwaka 1985. Ni ya England. Scotland waliifunga mwaka 2016, Wales wakaifunga Januari 2019. Kwa hiyo mwenye dada Glasgow au mjomba Cardiff asimtumie fomu hizi, atamsumbua bure. Hapa England inamhusu mpangaji mwenye upangaji wa kudumu (secure tenancy), ambaye amekuwa mpangaji wa nyumba za umma kwa miaka 3. Si lazima miaka hiyo iwe mfululizo, wala iwe nyumba moja. Na mjue kwamba mwaka 2025 serikali ilitangaza nia ya kuipandisha miaka hiyo kutoka 3 hadi 10, basi kabla ya kujaza chochote hakikisheni ni sheria ipi inayotumika siku hiyo.

Sasa saa yenyewe. Unajaza fomu iitwayo RTB1. Kaunsili ikiipokea, ina wiki 4 kukujibu kwa RTB2: ndiyo unayo haki, au hapana, na kwa nini. Kama sehemu ya miaka yako 3 uliishi chini ya mwenye nyumba mwingine, labda kaunsili nyingine au shirika la nyumba, wiki 4 zinakuwa 8, kwa sababu wanatakiwa waulizie huko. Wakishasema ndiyo, saa inaanza upya: wiki 8 kukupa barua ya bei kama ni nyumba unayouziwa na ardhi yake, wiki 12 kama ni fleti. Wengi wetu tunakaa fleti. Kwa hiyo 4 na 12: wiki 16 tangu fomu ipokelewe. Chukua kalenda ya ukutani, hesabu Jumatatu 16, tia duara.

Lakini uhesabu kutoka wapi, kama hujui walipokea lini?

Mfikirieni mama mmoja wa ghorofa ya 4. Fomu ameijaza vizuri kabisa, akaitumbukiza kwenye sanduku la posta pale kona kwa stempu ya kawaida. Miezi mitano baadaye anapiga simu, anaambiwa, "Hatuioni kwenye mfumo." Hana nakala, hana risiti. Anajaza nyingine, saa inaanza sifuri. Jirani yake wa mlango wa pili aliipeleka fomu yake kwa mkono. Aliomba muhuri wa tarehe juu ya nakala, na kijana wa mapokezi akamwambia hawana muhuri. Hakuondoka. Alimwomba yule kijana aandike kwa kalamu juu ya nakala ile: imepokelewa, tarehe, jina, sahihi. Mistari miwili tu ya wino wa buluu. Barua ya rejista nayo inatosha, maadamu risiti unaitunza pamoja na nakala ya kila ukurasa.

Tarehe ile inafanya kazi nyingine kubwa zaidi. Bei ya nyumba yako inathaminiwa kwa siku waliyopokea RTB1, si siku mthamini aliyokuja kupima vyumba, wala siku utakayotia sahihi kwa wakili. Kaunsili ikikukawiza mwaka mzima na nyumba za mtaa zikapanda, bei yako haipandi pamoja nazo. Mtu akikwambia, "Tumechelewa, itabidi tuthamini upya kwa bei za sasa," mwombe akuandikie maneno hayo kwenye barua. Mara nyingi haandiki.

Na punguzo pia hufuata tarehe hiyo. Hapa nawatakeni mtulie, maana ndipo foleni hii ndefu ilipozaliwa. Tarehe 30 Oktoba 2024, Waziri wa Fedha Rachel Reeves alisoma bajeti, na serikali ikatangaza kwamba punguzo litakatwa. Fomu zitakazopokelewa kuanzia tarehe 21 Novemba 2024 ndizo zingeingia kwenye viwango vipya. Wiki 3! London ukomo wa punguzo ulikuwa pauni 136,400. Ukashuka, kwenye sehemu kubwa ya mji huu, hadi pauni 16,000. Basi watu wakakimbia. Fomu zilizozoeleka kuingia kwa miezi na miezi ziliingia kwa siku, na ofisi zikabaki na wafanyakazi walewale na wathamini walewale. Ndiyo maana mpaka leo mnasikia, "Tuna mrundikano." Ni kweli wanao. Lakini kwenye kifungu kile cha wiki 4 na wiki 12 hakuna neno mrundikano.

Tupige hesabu, ili mwone uzito wa siku moja. Fleti mbili zinazofanana, kila moja ina thamani ya pauni 300,000. Kila mpangaji ana miaka 10. Kwa fleti, punguzo huanza asilimia 50, na baada ya mwaka wa 5 kila mwaka mzima huongeza asilimia 2, mwisho 70. Kwa miaka 10 ni asilimia 60, yaani pauni 180,000. Ukomo unakataa kiasi hicho. Aliyepokelewa fomu tarehe 20 Novemba anakatiwa 136,400, analipa 163,600. Wa tarehe 21 anakatiwa 16,000, analipa 284,000. Ngazi moja, lifti moja, tofauti pauni 120,400.

Kwa hiyo kama wewe ni wa foleni ya zamani na bado hujamaliza, nisikilize vizuri: usiiache ikafa. Ikifutwa, ukaomba tena, unaingia kwenye punguzo jipya. Na inaweza kufutwa kwa kosa lako, si lao. Barua ya bei ikifika una wiki 12 kusema unaendelea. Ukinyamaza wanakutumia ukumbusho unaokupa siku 28. Ukinyamaza tena, wanaweza kulifunga faili. Hata ukiwa umekubali bei, kisha mkopo au wakili wako akasuasua, kaunsili inaweza kukuletea ilani ya kukamilisha ununuzi, siku zisizopungua 56, kisha ya pili, siku 56 nyingine. Baada ya hapo ombi lako linahesabiwa kwamba umeliondoa mwenyewe. Sasa mwulize mtu aliyekwenda Zanzibar miezi minne, barua zake zikarundikana nyuma ya mlango. Unaondoka? Mwachie mtu ufunguo, na umwambie kila bahasha ya kaunsili aifungue siku hiyohiyo, akupigie picha.

Haya, sasa tufike kwenye dawa. Wiki 4 zimepita hakuna RTB2. Au RTB2 imekuja, wiki 12 zimepita hakuna bei. Unafanya nini?

Wengi wanapiga simu. Wanapiga, wanapiga, wanasikilizishwa muziki dakika 40. Wengine wanaandika malalamiko. Malalamiko ni haki yako, yaandike, lakini hayakuletei senti. Kinachokuletea ni fomu iitwayo RTB6, ilani ya kwanza ya ucheleweshaji. Haina ada, na haihitaji wakili.

RTB6 ni fupi. Unaeleza kaunsili imechelewa hatua ipi, na hatua ya mwisho unayoijua waliyoichukua ni ipi. Kisha unawapa muda wa kujibu usiopungua mwezi 1. Fomu inakwenda kwa njia ileile: nakala, risiti, tarehe. Ndani ya muda huo ama wafanye walichochelewesha, ama wakujibu kwa RTB7, kwamba kwa upande wao hakuna kilichobaki. Mwezi ukipita kimya, unatuma RTB8. Na hiyo RTB8 ndiyo yenye meno. Kodi unayolipa wakati unaendelea kuwangoja inahesabiwa kama malipo yaliyotangulizwa, inatolewa kwenye bei ya nyumba. Ada za huduma hazimo, ni kodi yenyewe tu.

Hesabu tena, maana pesa haieleweki mpaka ihesabiwe. Kodi tupu, tuseme, ni pauni 130 kwa wiki. Kaunsili imekawia wiki 30 zinazohesabika: 130 mara 30, pauni 3,900 zinatoka kwenye bei. Wakikawia zaidi ya miezi 12 kwa jumla, sheria inaongeza nusu nyingine juu yake. Wiki 60 ni pauni 7,800, ukiongeza asilimia 50 ni pauni 11,700. Na ukomo wa punguzo jipya hapa London ni ngapi? Elfu 16. Kwa hiyo mwombaji wa leo akiitumia RTB8 kikamilifu anaweza kupata kiasi kinachokaribia punguzo lenyewe. Asiyeituma, kodi ileile ameilipa, wiki zilezile amengoja, na hapati kitu.

Kwa nini basi wengi RTB6 zao zinagonga mwamba? Kosa la kawaida ni haraka: wametuma wiki ya 3 wakati kaunsili ina 4, au wamehesabu tangu siku walipoandika fomu. Inarudi na jibu moja, muda haujapita. Wengine wameandika maneno ya jumla, "Mmenichelewesha sana," bila kutaja hatua. Taja hatua! Wengine wameituma wakati mpira uko kwao wenyewe: mthamini alikuja mara mbili hakukuta mtu, au wakili wao mwenyewe hajajibu barua. Hapo RTB7 itakuja, na itakuja kwa haki.

Tena, RTB6 moja haikufuniki safari nzima. Kaunsili ikishatoa kilichochelewa, hesabu ya kodi inasimama. Wakikawia hatua nyingine, unaanza na RTB6 nyingine. Hata baada ya kukubali bei, wakili wa kaunsili akikalia rasimu ya hati, fomu ni hiyohiyo. Na mambo yote yakiwa yamekubaliwa, bado wakagoma kukamilisha, ipo mahakama ya kaunti inayoweza kuwaamuru. Kufika huko tafuta wakili.

Nasema hili kwa sauti kwa sababu linarudiwa sana: kodi inayohesabiwa ni kodi iliyolipwa. Iliyolipwa! Usimsikilize anayekwambia, "Acha kulipa, si wewe unayewadai nyumba?" Ukiacha kulipa huna cha kuhesabiwa, unajenga malimbikizo, na malimbikizo huzuia ununuzi mpaka yalipwe. Mahakama ikitoa amri ya kukuondoa kwenye nyumba, haki yenyewe inaondoka.

Sasa tujitazame na sisi. Si kila kuchelewa ni kwa kaunsili, na baadhi ya sababu tunazo sisi Waswahili kwa namna yetu.

Majina. Mpangaji ameandikwa kwenye mkataba wa mwaka 2006 kwa jina lake na la baba. Pasipoti ina matatu, la babu limekuwa jina la ukoo. Benki wamegeuza, la kati limekuwa la mwisho. Juma Ali, Juma Ali Hamisi, Hamisi Juma: kwetu ni mtu mmoja, kila mtu mtaani anamjua. Kwa wakili wa kaunsili anayechunguza udanganyifu ni watu watatu. Faili linasimama wiki sita kwa barua za kuulizana. Linganisha mkataba wa upangaji, pasipoti na benki kabla ya kujaza RTB1, na kama havilingani, tengeneza tamko la kisheria mapema, au omba mkataba urekebishwe. Na fomu itiwe sahihi na wapangaji wote walioandikwa kwenye mkataba, hata kama mmoja mmenuniana. Jamaa wa familia, hadi 3, wanaweza kununua pamoja nawe, lakini wawe wamekaa hapo miezi 12 iliyopita, na uthibitisho uwepo.

Pesa. Wakili ni lazima aulize amana imetoka wapi. Ukimjibu, "Ni ya mchezo," haelewi. Upatu wetu hauna risiti, kijumbe anaandika kwenye daftari la shule, fedha zinapokewa mkononi sebuleni. Ni fedha halali, lakini kwenye karatasi hazina mama wala baba. Anayetarajia kununua apokee zamu yake kwa benki, miezi mingi kabla, na kijumbe aandike barua yenye majina, kiasi na tarehe. Fedha za kaka aliyeko Muscat au Dubai zije kutoka akaunti yake moja kwa moja, na aandike kwamba ni zawadi au ni mkopo. Na mkipata mgeni anayebisha hodi, anasema atakulipia nyumba kisha baada ya miaka michache iwe yake, mfungieni mlango. Makubaliano ya namna hiyo yanaweza kukudaisha punguzo lote ulilopewa.

Makazi. Nyumba lazima iwe ndiyo makao yako makuu. Safari ya nyumbani haikatazwi. Kumwachia mtu fleti akakulipa kodi, hiyo ni hadithi nyingine, na maofisa wanaokuja kuhakiki wanajua kufungua kabati wakatazama nguo ni za nani.

Benki nazo ni mlima wake. Kuna kaunsili imefanya kila kitu kwa wakati, na mnunuzi akakwama miezi minane kwa sababu ya jengo. Baada ya moto wa jengo refu la Grenfell hapa London mwaka 2017, wakopeshaji wa fleti kwenye majengo marefu walianza kudai uthibitisho wa usalama wa kuta za nje, fomu iitwayo EWS1. Fomu hiyo ni ya jengo zima, si ya fleti yako, na mwenye jengo ni kaunsili. Ulizeni kama ipo kabla hata ya kujaza RTB1. Ulizeni vilevile jengo limejengwa kwa nini: kuna majengo ya paneli kubwa za zege ambayo wakopeshaji wengi hawayagusi. Kwa asiyetaka riba, ununuzi wa kushirikiana na benki upo hapa Uingereza, ila wanaokubali fleti za kaunsili ni wachache, basi aanze kutafuta siku ileile anayopeleka fomu, asingoje bei.

Barua ya bei ikifika isomeni yote. Imo thamani, limo punguzo, zimo kasoro za jengo wanazozijua, na kwa fleti yamo makadirio ya ada za huduma na matengenezo kwa miaka 5. Makadirio haya ni kinga yako: kwa miaka hiyo hawawezi kukudai matengenezo kuzidi walichokiandika, isipokuwa nyongeza ya kupanda kwa bei. Jiko uliloliweka kwa fedha zako halitakiwi kukuongezea bei, kwa hiyo mwoneshe mthamini risiti siku anayokuja. Ukiona thamani imezidi, una miezi 3 ya kuomba mthamini wa serikali aamue. Kumbukeni tu kwamba uamuzi wake unaweza pia kupanda.

Na mtazame ramani. Kuna kijikaratasi chenye mstari mwekundu unaozunguka kile unachouziwa. Fleti imo, baraza imo. Stoo ya chini je, ile mnayoweka baiskeli na mabegi ya safari? Mara nyingi mstari umeikosa, na hugunduliwa wiki ya mwisho, mawakili wakiwa tayari kukamilisha. Ramani inarudishwa, inachorwa upya, inapelekwa kwa benki tena, na ofa ya mkopo inakwisha muda wake hapohapo. Ile karatasi shuka nayo chini, simama mbele ya mlango wa stoo, fuata mstari kwa kidole.

Muda wa ukumbi unatuishia. Waliokuja na fomu zao, tukutane meza ile ya dirishani tuzikague moja moja, tuanze na wenye RTB2 mkononi na wiki 12 zimeshapita, kwa sababu hao RTB6 yao inaweza kutoka leo kabla posta haijafungwa. Wapangaji wa pamoja mliokuja peke yenu, msitie sahihi hapa. Rudini nayo nyumbani, sahihi ziwe mbili, kisha ipigeni picha kila ukurasa.